Mgongo Haupendi Kulala Tu

Ukikaa na akina mama katika vikundi vyetu utasikia neno moja: "Mgongo unaniua." Na nyumbani shauri ni moja pia: "Lala upumzike." Basi, kulala siku moja si vibaya. Lakini ukilala wiki nzima, misuli inayoshika uti wa mgongo hulegea na viungo hukauka. Ukiinuka, maumivu ni yale yale au yamezidi.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Katikati yake mna vijimto laini vinavyopokea uzito. Kiuno ndicho hubeba mzigo mkubwa.

Tufanye hivi:

1. Mtungi wa lita 20 una zaidi ya kilo 20. Ukiweza, chukua miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Ukiinua, kunja magoti, uvute mzigo karibu na mwili. Usijipinde kando ukiwa umebeba.

2. Ukilima au kufua, usiiname asubuhi yote. Kila nusu saa simama, shika kiuno, ujinyooshe nyuma polepole mara 5. Beseni liweke juu ya meza.

3. Fundi wa cherehani na dereva pia, inukeni mtembee kidogo.

4. Mgongo ukiuma, tembea kila siku kadiri unavyoweza, ukiongeza polepole. Wengi hupata nafuu kwa wiki chache.

Lakini miguu ikikosa nguvu, ukifa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukikushinda, enda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yasiyoisha pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda pia yapimwe mapema. Kifua kikuu huweza kuingia mgongoni, nacho kina dawa.

Tuseme ukweli: mama anayebeba maji, kuni na mtoto siku moja hatapona kwa kujinyoosha tu. Baba na vijana nao washike mtungi. Kikundi chaweza kuchanga kununua mkokoteni.

Maswali ya kikundi:
- Kwenu nani huteka maji, na mara ngapi kwa siku?
- Ni mzigo gani mmoja mtakaougawa upya wiki hii?