Kipimo cha Ubaoni

Mpishi atakaye kujua kama maji yamechemka hufunua chungu akatazama. Mwenye kisima atakaye kujua kina cha maji huteremsha kamba yenye jiwe, kisha huivuta akaona palipolowa. Lakini mambo ya kiwandani hayapimwi hivyo. Tangi la petroli huwa kubwa kama nyumba, limefungwa pande zote kwa chuma, na ndani yake mna mvuke uwezao kuwaka kwa cheche moja. Hapana awezaye kulifunua na kuchungulia kila saa. Kwa hiyo watu wa viwandani hutazama kwa macho mengine, ndiyo vipimo vilivyopangwa ubaoni katika chumba cha msimamizi wa mitambo. Huwasha pampu au kuizima, hufungua bomba au kulifunga, kwa kuamini neno la vipimo hivyo. Basi yafaa kujua kipimo cha namna hiyo ni kitu gani, hupachikwaje, na ni lini kinapostahili kuaminiwa.

1. Mpimaji, mjumbe na msemaji

Kipimo cha ubaoni ni kisanduku kidogo kilichotiwa katika tundu la bamba la chuma. Uso wake uko mbele, na nyaya zake ziko nyuma. Zamani uso huo ulikuwa na mshale kama wa saa. Vingi vya siku hizi vina tarakimu zenye kung'aa. Lakini kisanduku hicho hakipimi kitu. Kinachopima ni kifaa kingine kilichofungwa tangini, huenda mbali sana na ubao, na kati ya viwili hivyo hupita waya. Kwa hiyo watumishi ni watatu: mpimaji aliye tangini, mjumbe ambaye ni waya, na msemaji aliye ubaoni. Mpimaji akikosea, au mjumbe akikatika njiani, au msemaji akifundishwa vibaya, habari itakayosomwa ni ya uongo, ijapokuwa tarakimu zinang'aa vizuri.

2. Kukipachika

Kabla ya kugusa kitu, fundi huzima umeme wa ubao, hutia kufuli katika swichi ili mtu mwingine asiuwashe, kisha hupima kwa kifaa chake ahakikishe kwamba nyaya zimekufa kweli. Mkono uliofanya haraka mahali hapa haupati nafasi ya kujuta.

Ndipo huchagua mahali. Kipimo hutakiwa kiwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mbali na joto, na matone ya maji, na mitambo itikisikayo. Ukubwa wa vipimo hivi umewekewa kanuni katika nchi nyingi. Namna moja inayotumika sana ina uso wenye upana wa milimita 96 na kimo cha milimita 48, na tundu lake hukatwa milimita 92 kwa 45. Fundi hupiga mistari kwa rula, hukata, kisha husugua kingo kwa tupa mpaka ziwe laini. Chenga za chuma huzifagia zote, maana chenga moja ikiangukia nyuma ya kipimo yaweza kuunganisha nyaya mbili zisizopasa kuungana.

Pete ya mpira hutangulia, ili vumbi na unyevu visipite. Kipimo huingizwa kwa mbele, na vibano hukazwa kwa nyuma, huku na huku kwa kadiri moja. Kikilegea kitacheza, na kikikazwa mno kitapasuka.

Nyaya nazo zina adabu yake. Waya wa nguvu uletao umeme wa kukiendesha kipimo haulazwi pamoja na waya wa habari, maana umeme wa habari ni mdogo mno, na ule mkubwa huuvuruga. Mara nyingi waya wa habari huvikwa wavu wa shaba, na wavu huo hufungwa kwenye waya wa ardhi upande mmoja tu. Ukifungwa pande zote mbili, umeme wa kigeni huweza kuzunguka ndani yake. Mwisho fundi husoma kibandiko cha kipimo ajue kinataka umeme wa kiasi gani, kwa kuwa kilichotengenezwa kwa volti 24 kikipewa volti 230 hufa papo hapo.

3. Lugha ya waya

Mpimaji husema na msemaji kwa umeme mdogo sana. Kipimo cha umeme huo huitwa miliampea, yaani sehemu ya elfu ya ampea moja. Kanuni inayotumika katika viwanda vingi vya dunia ni hii: tangi likiwa tupu, waya huchukua miliampea 4, likiwa limejaa, huchukua miliampea 20.

Mwanagenzi asikiapo habari hii kwa mara ya kwanza hushangaa.

"Bwana fundi," huuliza, "tangi likiwa tupu, mbona waya uchukue 4? Si afadhali uchukue 0, maana hamna kitu?"

"Ukimwita mlinzi usiku," hujibu fundi, "naye akaitika, 'Hapana mtu huku,' utajua nini?"

"Nitajua kwamba mahali ni salama, bwana."

"Na asipoitika kabisa?"

"Sitajua neno. Labda amelala, labda ameuawa."

"Basi hiyo 4 ndiyo kuitika kwa mlinzi. Asema, 'Niko hapa, ila tangi ni tupu.' Lakini 0 ni kimya. Waya umekatika, au mpimaji amekufa."

Kwa sababu hiyo vipimo vingi huagizwa kwamba umeme ukishuka chini ya miliampea 3.6 visiandike "tupu", bali viandike alama ya kosa, au kengele ilie. Tofauti kati ya "hakuna" na "kimya" ni kubwa, na viwanda vingi vimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka 4 mpaka 20 ni hatua 16. Tangi likiwa na kimo cha mita 5, fundi hutoa 4 katika umeme alioupima, hugawanya kwa 16, kisha huzidisha kwa 5. Miliampea 12 zikionekana, 12 kutoa 4 ni 8. 8 kwa 16 ni nusu. Na nusu ya mita 5 ni mita 2.5.

4. Kukifundisha na kukihakiki

Kipimo kitokacho dukani hakijui kama kimefungwa kwenye tangi au tanuri. Hapana budi kifundishwe: miliampea 4 maana yake 0, miliampea 20 maana yake mita 5. Tena mpimaji naye lazima aambiwe ni kitu gani kilichomo tangini. Wapimaji wengi huhisi uzito wa kitu kilicho juu yao. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu za kilo. Mpimaji aliyetengenezwa kwa maji akitiwa katika petroli, atahisi uzito mdogo na kudhani kimo ni kidogo. Petroli ikifika mita 4, ataarifu mita 3. Tangi litakapojaa mita zote 5, yeye ataarifu mita 3.75, na msimamizi ataendelea kujaza huku petroli inafurika.

Kwa hiyo fundi hakubali kazi mpaka ameijaribu. Huchukua kifaa kitoacho umeme wa kiasi kinachojulikana, hupeleka miliampea 4, 8, 12, 16 na 20, kisha hurudi kinyume, na kila mara huandika kilichosomwa ubaoni. Jaribio hilo humhakiki msemaji peke yake. Mpimaji bado hajaulizwa. Ndipo hupimwa kimo cha kweli tangini kwa utepe wenye uzani, na kulinganishwa na tarakimu za ubaoni. Kisha hujaribiwa kengele ya hatari: sharti isikiwe ikilia, wala isidhaniwe tu kwamba italia. Matokeo yote na tarehe yake huandikwa kitabuni, maana hata kipimo kizuri hupotoka kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita.

5. Yaliyotukia Texas City

Watu wasiofanya kazi hizo huweza kusema kwamba uangalifu wote huu ni mwingi mno kwa kisanduku kidogo. Jibu lao li katika mji wa Texas City, nchi ya Marekani.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, watu walikuwa wakiuanzisha tena mnara mmoja uliokuwa umesimamishwa kwa matengenezo. Mnara huo ulikuwa na urefu wa karibu mita 52, na mafuta mepesi yalipasa kukaa chini kabisa, kimo cha mita mbili tatu tu. Kwa muda wa zaidi ya saa tatu mafuta yaliingizwa bila kutolewa. Yakapanda mpaka yakafika karibu mita 48. Lakini kipimo kilionyesha kwamba kimo hakijafika mita 3, tena kwamba kinashuka polepole.

Kipimo kilisemaje hivyo? Mpimaji wake alikuwa kipande kizito kinachoning'inia ndani ya mafuta karibu na chini ya mnara. Kitu kikizama katika maji au mafuta, hupungua uzito, na kwa upungufu huo kimo hujulikana. Lakini kikisha kuzama chote, mafuta yakizidi kupanda juu yake hayaongezi kitu. Tena mafuta yalikuwa yakipashwa moto, na mafuta ya moto ni mepesi, hayanyanyui sana. Kipande kikawa kizito zaidi kidogo, na kipimo kikafasiri kwamba mafuta yanapungua. Tena kilikuwa kimewekwa kwa hesabu ya uzito wa zamani, isiyopatana na mafuta yaliyokuwamo.

Palikuwa na mashahidi wengine, lakini wote walinyamaza. Kengele ya pili ya kimo cha hatari haikulia. Bomba la kioo la kutazamia kimo lilikuwa limechafuka hata halisomeki. Kiasi cha mafuta yaliyoingia na kiasi cha yaliyotoka vilionyeshwa katika kurasa mbili mbalimbali za kompyuta, hata haikuwa rahisi kuvilinganisha. Na uchunguzi wa serikali uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba vipimo na kengele havikuhakikiwa vyote kabla ya kazi kuanzishwa.

Mwisho mafuta yalifurika juu ya mnara, yakapita mpaka kwenye bomba la kutolea hewa, yakaruka nje kama chemchemi. Mvuke wake ukatanda chini ukawaka. Watu 15 walikufa, na wengine 180 waliumia. Wote waliokufa walikuwa ndani ya vyumba vya muda vilivyowekwa karibu na mitambo, au kando yake. Hawakuwa na kazi yo yote ya kuujaza mnara ule, wala hawakuambiwa kwamba unaanzishwa.

6. Yapasayo kukumbukwa

Kipimo ni shahidi, na shahidi mmoja hatoshi katika jambo la uhai. Msimamizi mwenye busara huuliza: kilichoingia ni kiasi gani, kilichotoka ni kiasi gani, na kilichobaki chapatana na hesabu hiyo? Ikiwa mafuta yameingia saa tatu wala hayakutoka, kimo hakiwezi kushuka, hata kipimo kikisema hivyo kwa tarakimu nzuri namna gani. Hapo kazi husimamishwa kwanza, na sababu hutafutwa baadaye. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; bali kiwandani ufa usiozibwa huweza kudai zaidi ya ukuta.

Maswali

1. Taja watumishi watatu wanaoleta habari ya tangi, na ueleze kazi ya kila mmoja.
2. Kwa nini wavu wa shaba hufungwa kwenye waya wa ardhi upande mmoja tu?
3. Tangi lina kimo cha mita 8. Waya unachukua miliampea 10. Kimo cha maji ni mita ngapi?
4. Kuna tofauti gani kati ya miliampea 4 na miliampea 0?
5. Mpimaji aliyetengenezwa kwa maji ametiwa katika tangi la petroli, naye aarifu mita 1.5. Kimo cha kweli ni karibu mita ngapi?
6. Wale watu wa Texas City wangeweza kutambua kwa njia gani kwamba kipimo chao kilikosea?