Sigara ya Betri: Inayojiwasha au ya Kitufe?

Kuna vijana wanaouliza: "Kati ya sigara ya betri inayojiwasha na ile ya kitufe, ipi ni bora?" Msomaji, soma jibu hili, kisha uwafundishe walio nyumbani mwako.

Inavyofanya kazi. Ndani yake mna betri ya litiamu, waya mdogo, na maji ambayo kwa kawaida yana nikotini, yaani ile dawa ya tumbaku inayomfunga mtu asiweze kuacha. Betri hutia waya moto, maji hugeuka mvuke, na mtu huuvuta mpaka mapafuni. Inayojiwasha husikia pumzi: ukivuta, inawaka. Ya kitufe hungoja kidole chako.

Hatari ya moto. Inayojiwasha ikiingiwa na maji, kama ya mvua ya Walikale, huweza kuharibika na kuwaka yenyewe. Ya kitufe huweza kubonyezwa mfukoni, ukiwa juu ya pikipiki njiani kwenda Masisi. Lakini nyingi za kitufe hufungwa kwa kukibonyeza mara tano upesi. Basi kwa habari ya moto, ile inayofungika ni afadhali.

Hatari ya mwili. Hapa hakuna tofauti. Nikotini ni ile ile. Hudhuru ubongo wa kijana unaokua na mtoto aliye tumboni mwa mama. Marekani, mwaka 2019 mpaka Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na kuvuta mvuke, na 68 walikufa. Wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Usivute maji usiyojua yametoka wapi. Uganda, jirani zetu, walikataza sigara hizi kwa sheria ya mwaka 2015.

Angalia mambo haya:
1. Usichaji kwa chaja ya chombo kingine, wala usiiache dukani au kitandani ikichajiwa usiku kucha.
2. Usiweke betri pamoja na funguo au misumari.
3. Betri iliyovimba au kupata moto, usiitumie tena.
4. Ficha chupa ya maji yake mbali na watoto. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mpeleke kwa mganga upesi pamoja na chupa.
5. Aliyeungua, mmwagilie maji safi ya baridi dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.

Basi tuchague ipi? Kama hujaanza, usichague hata moja. Kama umekwisha kuzoea, njoo kwa mganga akusaidie kuacha.

Maswali ya kukumbuka: Kwa nini kitufe hakipunguzi nikotini? Chupa ya maji iko wapi nyumbani mwako sasa?