Wavulana Watatu Wasiopakana: Mafunzo Niliyopata

Nilikuwa kidato cha tano nilipokutana na swali hili: wasichana 5 na wavulana 3 wapangwe kwenye mstari mmoja, ila pasiwe na wavulana wawili waliokaa bega kwa bega. Kuna mipangilio mingapi? Nikaandika 36,000 bila wasiwasi wowote. Daftari likarudi limekatwa kwa wino mwekundu. Jibu lilikuwa 14,400, na ilinichukua muda mrefu kuelewa zile 21,600 za ziada zilitoka wapi. Leo nafundisha hisabati jioni barazani kwetu, na kosa lile lile naliona kila mwaka.

1. Kinyume cha "wote wametengana" si "wote wako pamoja".

Watu 8 hujipanga kwa njia 8!, yaani 40,320. Nikawafunga wavulana watatu kama mzigo mmoja. Vikabaki vitu 6 vya kupanga: 6! ni 720, na ndani ya mzigo wavulana hubadilishana kwa njia 6, jumla 4,320. Nikatoa. Hesabu ni safi. Tatizo ni kile nilichokitoa. Niliondoa mistari ambayo wote watatu wameshikana tu. Mstari wenye wavulana wawili pamoja na wa tatu kule mwisho ulibaki ndani, ukahesabiwa kuwa halali. Wakiwa wawili, kutoa ni salama kabisa, maana ama wamepakana ama hawakupakana. Wakifika watatu, inazuka hali ya katikati.

2. Waketishe kwanza wasio na sharti.

Wasichana 5 hukaa kwa njia 120. Wakishakaa wanaacha mianya 6: minne katikati yao na miwili ya pembeni. Mvulana wa kwanza anachagua kati ya 6, wa pili 5, wa tatu 4. Hiyo ni 120 nyingine, na 120 × 120 ni 14,400. Hutoi chochote. Mianya ya pembeni ndiyo inayosahaulika, kwa hiyo nawataka wanafunzi wachore kistari mbele ya msichana wa kwanza kabla ya kufanya kitu kingine.

3. Mwaga vizibo mkekani.

Kijana mmoja alikataa katakata kwamba njia ya kutoa ina kasoro. Nikamwaga vizibo vya soda, vyekundu 3 na vyeusi 2, kila kimoja kikiwa na namba ya chaki. Kwa njia yake: 120 kutoa 36, jibu 84. Nikamwambia apange vyekundu visigusane. Akaweka chekundu, cheusi, chekundu, cheusi, chekundu. Akatafuta mpangilio mwingine wa rangi. Akaanza na cheusi, vyekundu viwili vikagusana. Akahamisha cha mwisho, akakirudisha. Hakuna mwingine. Namba za vyekundu hubadilishana kwa njia 6, za vyeusi 2, basi: 12. Aliitazama ile 84 kwa muda, akaifuta mwenyewe. Tangu siku hiyo kila swali kubwa tunalipunguza hadi litoshe mkekani.

4. Litamke sharti kwa Kiswahili.

Mtihani wa sekondari Tanzania huja kwa Kiingereza, na masharti mawili yanayofanana machoni yana majibu tofauti. "Wavulana wasiwe wote watatu pamoja": jibu ni 36,000, ile ile niliyokatwa. "Mvulana yeyote asipakane na mvulana mwenzake": 14,400. Mwanafunzi akishalisema kwa mdomo wake, mara nyingi amemaliza nusu ya kazi.

5. Vitu vinavyofanana havibadilishani.

Chukua neno BARABARA. Herufi zake zina mipangilio 420. Ukitaka A zisigusane, panga kwanza B, R, B, R: njia 6. Mianya ni 5, A ni 4, na kwa kuwa A zote ni sawa unachagua tu mwanya utakaobaki mtupu: njia 5. Jibu 30.

6. Mezani kwa duara, mianya hupungua.

Wasichana 5 wakizunguka meza hukaa kwa njia 4!, yaani 24, na mianya ni 5, si 6, kwa sababu pembeni hakuna tena. Wavulana 3 wanaingia kwa njia 60. Jibu 1,440.

Lakini kuna meza moja ambayo mianya peke yake haitoshi. Mwaka 1891 Mfaransa Édouard Lucas aliuliza: wanandoa wakae kwa duara, mwanamume na mwanamke wakipokezana, na asiwepo aliyekaa kando ya mwenzi wake. Hapa kila mwanya una waume wake wawili wa kukatazwa. Kanuni ya wazi ya kukokotoa idadi hiyo aliitoa Jacques Touchard mwaka 1934. Sisi tulianza na jozi 4 za wanandoa na vizibo 8. Viti vikiwa na namba, wake hukaa kwa njia 48. Wakishaketi, waume wana njia 2 tu. Tulizitafuta mpaka adhana ya magharibi, tukapata 96.