Maji ya Bomba na Samaki Wako: Vidokezo 7

Ukinywa maji ya bomba, klorini huishia tumboni nawe huna habari. Samaki huyapitisha maji hayohayo kwenye matamvua, karibu kabisa na damu yake. Ndiyo maana maji yanayokufaa wewe yanaweza kumuua yeye.

1. Yalaze maji. Kinga kwenye ndoo pana, uyaache wazi saa 24 hadi 48. Klorini itapaa yenyewe. Ukitia mrija wa pampu ya hewa, itatoka upesi zaidi. Unahofia mbu? Funika kwa kitambaa chepesi, lakini kamwe si chandarua chenye dawa, maana dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki.

2. Ijue dawa iliyomo. Kuna mamlaka za maji zinazotumia kloramini, nayo haiondoki kwa kulazwa. Ulizia mamlaka ya kwenu. Kama ni kloramini, nunua dawa ya kutibu maji ya samaki ambayo chupa yake inaitaja kloramini kwa jina.

3. Mgao ukiisha, usikimbilie bomba. Maji ya mwanzo huja na kutu na tope. Hayo pigia deki. Ya samaki kinga yakishakuwa meupe.

4. Badilisha robo tu kwa wiki. Ukibadilisha yote kwa mkupuo, unamshtua samaki. Maji mapya yawe na joto sawa na yaliyomo tangini.

5. Usioshe sponji ya chujio bombani. Humo wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi isiwe sumu, na klorini huwaua. Isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini.

6. Usiamini kisima kwa sababu tu hakina klorini. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Tena kila samaki ana kwao: wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye pH karibu 9, ilhali neon tetra wa Amazon hupenda maji laini.

7. Ndoo ya samaki iwe ya samaki tu. Mabaki ya sabuni huharibu matamvua.

Samaki wakipanda juu kuhema mara baada ya kuwabadilishia maji, ongeza hewa na utie dawa ya kuondoa klorini papo hapo. Na kama siku yako ya kubadilisha maji ni Jumamosi, kinga ndoo yako Alhamisi.