Losheni za Mitishamba za Kuotesha Nywele: Namna ya Kupima Kama Zinafanya Kazi
Kijitabu cha elimu kwa umma

Chupa imeandikwa: "Huotesha nywele, huondoa mba, hutibu upara na mapunye. Asilia asilimia 100." Muuzaji anakuonesha picha mbili kwenye simu, ya kabla na ya baada. Kijitabu hiki kinakusaidia kupima madai ya aina hiyo kabla hujatoa fedha.

1. Chunguza nywele zinazotoka

Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Hiyo ni kawaida. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, kisha hung'oka.

Chukua unywele uliobaki kwenye kitana, uutazame penye mwanga. Ukiwa na kijifundo cheupe mwishoni, umeng'oka kuanzia mzizini. Usipokuwa nacho, umekatika njiani, mara nyingi kwa dawa ya kulainisha, moto wa pasi au kuchana kwa nguvu. Nywele za namna hii zinaota vizuri. Zinahitaji kupumzishwa tu.

2. Jua chanzo

• Kujifungua, homa kali au upasuaji: nywele hutoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baadaye. Kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja.
• Kusuka kwa kubana na rasta nzito: nywele za mbele na pembeni hupungua. Ukiacha mapema, hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa na hakuna cha kupaka kitakachoifufua.
• Mapunye: ni fangasi, hasa kwa watoto. Huingia ndani ya unywele, hivyo kupaka peke yake hakutoshi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali.
• Mabaka ya duara, laini: kinga ya mwili hushambulia mizizi. Mara nyingi nywele huota tena bila dawa.
• Upara wa kurithi: huja polepole na haurudi nyuma wenyewe.

3. Kwa nini losheni nyingi husifiwa

Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita anaona nywele zikijaa kwenye kitana. Ananunua losheni, na msusi anamshauri asisuke kwa muda. Baada ya miezi sita kichwa kimejaa. Anaisifia losheni kwa majirani, na anasema kweli aliyoiona. Lakini nywele hizo zilikuwa njiani kurudi, na mapumziko ya kusuka yalizisaidia. Kwa hiyo usiishie kuuliza, "Nywele ziliota?" Uliza, "Zingeota hata bila losheni?"

4. Utafiti umeonesha nini

Swali hilo hujibiwa kwa kulinganisha makundi mawili. Mwaka 1998, watafiti wa Scotland waliwapaka wagonjwa wenye mabaka ya duara mafuta ya rozimari, taimu, lavenda na mwerezi kwa miezi 7. Kundi jingine lilipaka mafuta ya kuchanganyia tu, bila mitishamba hiyo. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 44 katika kundi la kwanza na asilimia 15 katika la pili. Mitishamba ilionesha dalili njema, ila hata miongoni mwa wasioipata walikuwamo walioota nywele.

Mwaka 2015 nchini Iran, mafuta ya rozimari yalilinganishwa na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Matokeo yalikaribiana, na yalionekana baada ya miezi sita. Baada ya miezi mitatu yalikuwa bado. Hata hivyo hapakuwa na kundi lililopaka mafuta ya kawaida, hivyo ushahidi huo haujatosha.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Anayeahidi kichwa kilichojaa kwa wiki mbili anakudanganya.

5. Kagua chupa

• Je, ina jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi?
• Je, inadai kutibu magonjwa mengi yasiyofanana?
• Je, imesajiliwa? Nchini Tanzania, vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS), na dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Neno "asilia" si kinga. Mwaka 1999 mjini London, krimu 11 za mitishamba ya Kichina za ngozi zilipimwa. Nane zilikuwa na deksamethasoni, dawa ya hospitali inayoweza kudhoofisha ngozi.

6. Ukiamua kujaribu

Paka kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili, ukiwashwa, acha. Kama nywele zimepungua sawasawa pande zote, paka upande mmoja tu. Piga picha kila mwezi, mahali palepale na mwanga uleule, na usibadilishe mtindo wa nywele. Baada ya miezi sita, pande zote mbili zikilingana, acha kununua.

7. Usisubiri losheni

Nenda kituo cha afya mapema ukiona usaha, maumivu, kichwa kuwaka moto, ngozi inayong'aa isiyo na vitundu vya nywele, au mtoto mwenye mabaka yenye magamba. Palipoota kovu nywele hazirudi, na kila mwezi wa kujaribu chupa nyingine unaweza kuongeza eneo la kovu hilo.