Mama Mkwe Aliambiwa Abadilishe Khanga ili Apigwe Picha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka tisa. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Baba watoto ni mtu mwema, nyumba yake anaijali na kwa hilo sina la kumsema. Tatizo ni kamera. Aliinunua kwa mtu, ikiwa imetumika, na tangu hapo safari zetu zimegeuka kazi.

Kila Desemba tunakwenda kwao Lushoto. Zamani tukishaiacha Mombo na kuanza kupanda mlima, watoto walikuwa wakishindana nani atayaona kwanza maporomoko ya Soni. Sasa wanajifanya wamelala. Wanajua gari litasimamishwa, watashushwa, watapangwa, na picha isipotoka vizuri watarudishwa garini washuke upya.

Desemba iliyopita tulipofika, mama mkwe alitoka jikoni mbio, kajifunga khanga yake ya kupikia, mikono imejaa unga, anakuja kumkumbatia mjukuu. Mume wangu akamwambia, "Mama, ngoja kwanza. Rudi ndani uvae ile khanga mpya niliyokutumia, halafu utoke hivyo hivyo." Mama akarudi, akanawa, akavaa, akatoka. Picha ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini usiku tukiwa wawili jikoni aliniambia, "Kumbe nguo zangu zinamtia mwanangu aibu." Nilikosa la kumjibu. Kesho yake picha ile ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwa mume wangu.

Binti yetu sasa akiiona kamera anajifunika uso. Nikisema neno, baba yao ananijibu kwamba tutamshukuru siku mama hayupo, maana yeye baba yake alikufa bila kuacha picha ila ile ya kitambulisho. Tumegombana mpaka nimetamka kwamba mwaka huu kamera ikienda Lushoto, mimi siendi. Shangazi, nimekosea? Nifanye nini?

Mama wa Tabata

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Lushoto utakwenda. Mama mkwe wako ameshaumizwa mara moja kwa sababu ya kamera. Usipokwenda ataumia mara ya pili kwa sababu hiyo hiyo, na safari hii atakayekuwa amemuumiza ni wewe. Atakaa anajiuliza amemkosea nini mkwewe, na hakuna atakayemweleza. Ugomvi wa Tabata uishie Tabata.

Sasa rudi kwenye barua yako. Kuna jambo umelitaja mbio mbio karibu na mwisho, la picha ya kitambulisho. Mimi nimelisoma na kulirudia. Unajua yanavyokuwa katika nyumba nyingi za kwetu: msiba ukitokea, kijana anatumwa studio na kitambulisho cha marehemu, kile kipicha kinakuzwa mpaka sura inavurugika, na ndicho kinachotundikwa sebuleni miaka yote inayofuata. Mtu aliyekuwa mcheshi, mwenye mwendo wake na kofia yake, anabaki mtu aliyeambiwa akae wima, asicheke, atazame mbele. Mumeo anamkumbuka baba yake kwa picha ya namna hiyo. Kila akirudi Lushoto anamkuta mama amezeeka zaidi, na anaogopa. Hofu hiyo ni mapenzi, mwanangu. Kumwambia aiache kamera nyumbani ni kumtaka akubali mama naye aende kama alivyokwenda baba. Hatakubali, na mimi sitamlaumu.

Lakini hofu yake haimpi ruhusa ya kumrudisha mama ndani. Hapo niko nawe kabisa, na ningependa mumeo asome sehemu hii mwenyewe.

Baba, wazee wetu walipenda sana kupigwa picha. Walikwenda Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930. Walikwenda kwa Parekh Mombasa, kwa Omar Said Bakor Lamu, na katika studio za miji mingine mingi ya kwetu. Walikwenda kwa miguu yao na kwa pesa yao. Nguo walizichagua wenyewe, wakaamua wenyewe nani akae na nani asimame, na mwenye saa mpya alihakikisha mkono unaonekana. Mpiga picha aliweza kumwinua mtu kidevu au kumgeuza bega, lakini mwenye picha alikuwa yule aliyeketi kwenye kiti. Leo kamera iko mkononi mwa mmoja wa familia, hakuna anayelipia picha, na uamuzi wote umehamia kwa anayebonyeza. Mama yako hakuulizwa. Ungemwambia jioni, mkiwa mmetulia, "Mama, kesho asubuhi nataka nikupige picha, utavaa ipi?" angefungua sanduku lake mwenyewe, na pengine angetoa khanga ambayo hujawahi kuiona, na kukueleza aliipata harusi ya nani. Kuvaa vizuri hakukumuuma. Kilichomuuma ni kuzuiwa akiwa anamkimbilia mjukuu wake.

Tena nikwambie kama mtu anayetaka picha zako ziwe nzuri: picha ya siku ile ulikuwa nayo, ukaikataa. Mjukuu akishakuwa mtu mzima, khanga mpya haitamwambia kitu. Atataka kumwona bibi yake akitoka jikoni na unga mikononi, akija kwake.

Basi desturi iwe hii. Mkifika, kamera ibaki kwenye mkoba mpaka watu wamesalimiana, wamekaa, wamekunywa chai. Hakuna kurudia kushuka garini. Njiani chagueni pamoja mahali pamoja pa kusimama, Soni au kwingine, na watoto ndio wapachague. Atakayepigwa aulizwe, na akisema hapana, iwe hapana.

Nikurudie wewe, mama. Binti wa miaka 14 anaanza kuutambua mwili wake na uso wake, na kutazamwa kunamlemea hata pale anayemtazama ni baba yake. Msimbembeleze wala msimtanie. Mpeni yeye kamera, aishike nusu ya safari, apige anachotaka. Huenda akapiga miguu ya mbuzi tupu, na iwe hivyo. Kuna faida nyingine hapo ambayo mumeo hajaiona. Tazameni picha zenu za Lushoto za miaka yote, mumtafute baba. Sidhani kama mtamwona mara nyingi, maana ndiye mpigaji. Mtu anayeumia kwa kukosa sura ya baba yake anawaandalia wanawe maumivu yale yale. Kamera ikiwa kwa binti, baba ataingia kwenye picha.

Kuhusu WhatsApp sina maneno mengi. Picha ya mama haiendi kwa watu wa kazini mpaka mama akubali, na aambiwe wazi ni akina nani watakaoiona. Iliyokwisha kwenda, mumeo amwombe radhi ana kwa ana, asimwombe kwa simu. Na ile habari ya aibu amjibu kwa kinywa chake, kwamba nguo zake hazijawahi kumtia aibu. Wewe usimsemee.

Kwa kuwa anapenda kazi hii, na aifanye vizuri. Kamera hupima mwanga wa eneo zima, kwa hiyo ukimsimamisha mtu mbele ya anga jeupe, uso unatoka giza. Jua la saa sita linaweka vivuli machoni. Mama akae kwenye kigoda ndani kidogo ya mlango, uso uelekee nje, mpigaji awe nje, bila flashi. Asubuhi za mawingu za Lushoto, ambazo wageni huzilalamikia, ni nzuri kuliko jua kali kwa kupiga sura za watu. Mama aendelee na kazi yake, achambue mboga, azungumze na wajukuu, na mpigaji asubiri. Halafu picha zisafishwe. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na simu ikiibwa kila kitu kimekwenda. Chagueni chache, msafishe za inchi 4 kwa 6, seti mbili, moja ikae kwa mama. Zile albamu zenye kurasa za gundi muziepuke, zinageuza picha manjano na kuzing'ang'ania. Majina ya waliomo, mahali na mwaka yaandikwe kando ya kila picha.

Nimeliacha mwisho nililolifikiria zaidi tangu nilipopata barua yako. Baba mkwe wako hakuishi peke yake. Alihudhuria harusi, alikuwa na ndugu, alisoma na watu, alifanya kazi na watu. Siku zile filamu ilikuwa na picha 24 au 36, na mpiga picha akifika kwenye shughuli watu walijipanga mistari mitatu minne ili wote waingie. Inawezekana kabisa amesimama nyuma kwenye picha iliyoko nyumbani kwa mtu mwingine, na mumeo hajawahi kwenda kuuliza. Kamera yake iende kazi hiyo. Apite kwa baba zake wakubwa na wadogo, kwa shangazi zake, kwa rafiki za mzee walio hai, aombe kuoneshwa picha za zamani. Akiipata asiombe kuichukua. Ailaze mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, kamera itazame chini sawasawa juu yake, bila flashi, aipige hapo hapo na kuirudisha mikononi mwa mwenyewe. Wewe fuatana naye ukiwa na daftari, uandike majina wanayokutajia. Mchukueni na mama pia, maana ndiye atakayemtambua mumewe haraka kuliko wote, hata akiwa kijana wa miaka 20 mstari wa nyuma.

Nendeni Desemba hii, msingoje ijayo, na muanzie kwa ndugu aliye mzee kuliko wote.

Shangazi