Je, Kila Lisemwalo Lipo?



Wahenga husema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii twaitumia sana, hata tumeifanya ruhusa ya kupitisha kila uvumi. Leo na tuipime kwa habari za mtu aliyejulikana dunia nzima.

Michael Jackson, mwimbaji wa Marekani, alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, na wazazi weusi, naye alikuwa mweusi. Katika miaka ya 1980 watu waliona ngozi yake ikizidi kuwa nyeupe. Neno likaenea: ameuchukia weusi wake, ajichubua apate kuwa Mzungu. Sisi nasi tulilisema neno hilo, wala hatukutaka ushahidi.

Februari 1993, alipohojiwa na Oprah Winfrey katika televisheni, alisema ana ugonjwa uharibuo rangi ya ngozi, wala hawezi kuuzuia. Wengi hawakumsadiki. Akafa tarehe 25 Juni 2009. Madaktari wa serikali huko Los Angeles wakauchunguza mwili wake, wakaandika kwamba alikuwa na vitiligo, ndio ugonjwa tuuitao mbalanga. Waliomdhihaki hawakuweza tena kumwomba radhi.

Yatupasa kujua mambo matatu juu ya ugonjwa huu.

Kwanza, rangi ya ngozi hufanywa na chembe ndogo za mwili. Kwa mwenye mbalanga, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, huziharibu chembe hizo, na madoa meupe hutokea.

Pili, mbalanga haiambukizi, wala si ukoma. Kumpa mwenyewe mkono, au kula naye sahani moja, hakuna hatari yo yote.

Tatu, madoa yakienea mno, pengine daktari huiondoa rangi iliyosalia ili mwili uwe sawasawa. Basi mtu aweza kutumia dawa ya kuondoa rangi bila kuikana asili yake.

Je, hakujibadili hata kidogo? Alijibadili. Katika kitabu chake cha mwaka 1988 alikiri ya kuwa pua yake ilipasuliwa mara mbili. Ndivyo ulivyo uvumi: huchukua kweli moja, ukaifanya shahidi wa jambo lisilo kweli.

Mwimbaji yule maneno yetu hayamfikii tena. Lakini wenye mbalanga wako vijijini mwetu, na pengine benchi wakaayo kanisani huachwa tupu kuume na kushoto. Husikia wakinong'onwa: amelogwa, amelaaniwa, ana ukoma. Hao maneno yetu yawafikia.

Ninyi walimu, mfundishapo Amri ya Nane, waulizeni wanafunzi wenu: Ni nani tuliyemsema kwa sura yake, wala hatukumwuliza lililompata? Kisha mtu na aende akaketi karibu naye.